Weka Vyote

Asubuhi ya mwisho waliyokaa pamoja kama siku zote, Nyanjige alikuwa anachagua mawe kwenye mchele. Alikaa kwenye kigoda nje ya jiko, ungo mapajani. Kila jiwe alilolipata alilirusha upande wa kuku. Kuku walikimbilia, wakadonoa, wakaona wamedanganywa. Likirushwa jingine, walikimbilia tena.

"Hawa kuku ni kama wewe," alisema. "Hawajifunzi."

Maduhu, mumewe, alikuwa anafunga chuma cha plau nyuma ya baiskeli kwa mpira. Kilikuwa kimepasuka, na mvua zilikuwa karibu. Kutoka kijijini kwao, upande wa Kasoli, mpaka kwa fundi wa kuchomelea Bariadi mjini ni mwendo wa mtu aliyeamua. Hakujibu. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na mkewe alikuwa amezoea kusema ya wote wawili.

"Ukitoka kwa fundi," Nyanjige aliendelea, bila kuinua macho kwenye ungo, "niletee chakula ambacho sijapika mimi."

"Kama nini?"

"Ningejua kama nini, ningekipika."

Maduhu alicheka kwa pua, akapanda baiskeli, akaondoka.

Njiani aliyatafakari maneno yale. Lilikuwa ombi dogo, lakini lilikuwa la kwanza la namna hiyo. Miaka arobaini na sita mwanamke huyu alikuwa amepika. Alimpikia mama mkwe mpaka mama mkwe akafa. Alipikia watoto wanane, na wavuna pamba kila msimu. Misiba ya jirani ilikuwa haianzi kupika mpaka afike yeye na mwiko wake mrefu. Alipika ugali, matobolwa ya viazi vikavu, nsansa ya majani ya kunde, wali, makande. Hakuwahi kusema amechoka. Sasa alitaka kula kitu ambacho hakukiinamia jikoni.

Fundi alipomaliza, Maduhu aliingia kwenye mstari wa mama ntilie. Alipita akichungulia sufuria moja moja kama anayekagua ng'ombe mnadani. Wali, ameupika. Maharage, ameyapika. Dagaa, chapati, mchicha wa nazi, vyote alishavipika, tena vizuri kuliko hivi. Alifika mpaka mwisho wa mstari, karibu na stendi. Pale, chini ya turubai la bluu, mwanamke mmoja alikuwa anainua nyuzi nyeupe ndefu kutoka kwenye maji ya moto kwa vijiti viwili.

"Mwadila, mayu," Maduhu alimsalimia mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwadila mhola, baba. Karibu."

"Hizo ni nini?"

"Tambi, baba. Za mchele."

"Mchele?"

"Mchele umesagwa, ukavutwa, ukawa uzi. Ni chakula cha Wachina. Nilikuwa mpishi kambini kwao walipokuwa wanajenga barabara." Jina lake lilikuwa Felisita. Alionyesha bango kwa kidevu. "Supu na tambi ni za wote. Vingine unachagua. Hapa kila mtu anajitengenezea bakuli lake."

Bango lilikuwa na maandishi mengi. Maduhu hakwenda shule hata siku moja. Mbele yake vilipangwa vibakuli kumi na kitu: nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba kama karatasi, kuku, utumbo, samaki, mayai, uyoga, chainizi, vitunguu majani, karanga za kukaanga, tangawizi, siki, pilipili ya mafuta. Nyuma yake walisimama vijana wawili wa bodaboda, wanasubiri, mmoja anagonga ufunguo kwenye meza.

"Nikuwekee nini, baba?"

Maduhu aliona aibu. Alikuwa na mvi kichwa kizima, na hakujua pa kuanzia.

"Weka vyote," alisema.

"Vyote?" Vijana walicheka. "Mzee ana mamlaka!"

"Na samaki pia?" Felisita alimwuliza. "Kwa samaki huwa nauliza, maana kuna wengine..."

"Vyote, nimesema."

Felisita alifunga mdomo, akaweka vyote. Alimtilia kwenye kopo lake mwenyewe la plastiki lenye mfuniko wa kubana, akamwomba kopo lirudi.

Nyumbani, Nyanjige alifungua mfuniko, akainua uzi mmoja wa tambi mpaka juu ya kichwa, na mwisho wake haukuonekana. Alicheka. Alikula kwa kijiko, kijiko kikashindwa, akatumia mkono. Alikula akafika chini, akainamisha kopo akanywa supu yote. Maduhu alikuwa anamtazama kutoka mlangoni. Hakuonja. Chakula kilikuwa cha Nyanjige.

"Asante," alisema Nyanjige. Hakusema zaidi ya hapo, na hilo lenyewe halikuwa la kawaida yake.

Kesho yake aliondoka mapema, Maduhu akiwa bado kwa ng'ombe. Alipata pikipiki ya jirani iliyokuwa inaelekea mjini, akaenda kurudisha kopo. Alirudi mchana amebeba vitunguu, anaimba chini chini. Keshokutwa yake, asubuhi, alianguka bustanini. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Walimfikisha hospitali. Daktari alisema ni presha, mshipa umepasuka kichwani. Siku mbili tu, akafariki.

Msibani, Shida alikuja kukaa karibu na Maduhu. Shida ni mdogo wake Nyanjige, mwanamke mwenye macho makali na goti bovu. Alikaa kwa tabu, akanyoosha mguu.

"Shemeji, siku zile alikula nini?"

Maduhu alimweleza. Hakuona sababu ya kuficha.

"Kulikuwa na samaki?"

"Kulikuwa."

"Samaki gani?"

Maduhu hakujua. Shida hakuuliza tena. Alivuta kitenge chake kichwani, akatazama chini. Hapo ndipo Maduhu alipokumbuka.

Ukoo wa kina Nyanjige, kule Lalago, hawali kambale. Ni mwiko wao tangu mababu. Siku Maduhu alipopeleka ng'ombe wa mahari, baba mkwe alimkalisha kando, akamwambia kwa sauti nzito: "Binti yangu kambale hali. Asiguse hata chungu alichopikwa." Maduhu aliitikia. Naye alikuwa mtu wa kambale. Utotoni alimtafuta kwenye matope ya majaruba ya mpunga kwa mikono, akamchoma kwenye nyasi kavu, akamla akiwa bado ana majivu. Lakini siku ile ya mahari alimwacha. Hakumla nyumbani, hakumla safarini, asije akarudi na harufu yake mdomoni. Miaka arobaini na sita.

Sasa, kwa kuona aibu mbele ya vijana wa bodaboda, alikuwa amesema weka vyote. Yule mwanamke aliuliza kabisa. Naye Maduhu alimkatiza.

Watu walitawanyika, maisha yakaendelea bila Nyanjige. Mvua zilikuja. Pamba ilipandwa, ikapaliliwa, ikavunwa. Maduhu alikula kidogo, akaongea kidogo zaidi. Jirani wakipita walimwambia "Pole, mzee, ni kazi ya Mungu," naye aliitikia. Daktari alisema presha, na Maduhu hakumwita daktari mwongo. Lakini presha nayo, alijiambia, kuna kitu huwa kinaiita. Mjini hakwenda tena. Mtu akitumwa Bariadi, alimtuma mwingine.

Ulipofika mwezi wa nane, binti yake Flora alikuja kutoka Maswa na mifuko ya saruji. Watoto walikuwa wamechanga. Walitaka kulijengea kaburi la mama yao kabla mvua hazijalitia ufa.

"Fundi anakuja Jumamosi, baba," Flora alisema. "Tofali la kwanza ni lako."

"Aweke Shida."

"Mama mdogo? Baba, mume yupo hai, anakaa nyumbani, tofali anaweka shemeji? Watu watasema nini?"

"Waseme."

Flora alimtazama. Alikuwa na macho ya mama yake, na ukaidi wa mama yake. "Kama ni mgongo, tutakushika."

"Si mgongo."

"Ni nini basi?"

Ungemwambiaje mtoto? Mkono uliomlisha mama yako mwiko hauwezi kumjengea. Maduhu alitoka, akaenda kukaa na ng'ombe. Ilikuwa Jumatano. Usingizi haukumjia vizuri, na alfajiri alijua la kufanya. Kama alikuwa amemlisha kambale, ajue kwa hakika, amwambie Shida mbele ya watu, waseme ni kondoo gani anatakiwa kutoa au ni adhabu gani. Na kama hakuwa kambale, aweke tofali lake. Kukaa katikati kulikuwa kunammaliza.

Alichukua baiskeli.

Turubai la bluu lilikuwepo bado, limepauka kidogo. Felisita alimwona kwa mbali, akapiga makofi.

"Jamani! Mzee wa weka vyote!" Aliwageukia wateja wawili waliokuwa wamekaa. "Ndiye huyu! Nyie mnaosema 'niwekee kama yule mzee', mzee mwenyewe huyu hapa!"

Wateja walicheka, wakamwamkia kwa heshima. Maduhu aliitikia. Kumbe walikuwa wamempa jina.

"Leo tena vyote, baba? Na mama hajambo?"

"Amefariki," Maduhu alisema. "Wiki ileile."

Felisita aliweka upawa chini. Alijifuta mikono kwenye aproni, akazunguka meza, akamshika Maduhu mikono yote miwili.

"Pole, baba. Pole sana. Mama yule?"

"Mayu, nimekuja kuuliza kitu kimoja. Siku ile. Samaki alikuwa gani?"

"Siku ile?" Felisita alifikiri. "Siku ile alikuwa kambale. Sato hawakuwa wamefika."

Maduhu alitikisa kichwa taratibu. Kwa hiyo ndivyo. Alitafuta kwa mkono pa kukaa, akapata benchi.

"Ana sufuria yake," Felisita alisema haraka, akidhani anahofia usafi. "Na upawa wake, na kisu chake. Simchanganyi na vingine. Wasabato hawamli, na koo nyingi za hapa hawamli. Bariadi hii kila mtu ana mwiko wake, baba. Ndiyo maana biashara hii inatembea, kila mtu anachagua. Siwezi kumlisha mtu mwiko wake. Huwa nauliza kwanza."

"Uliuliza."

"Niliuliza."

"Nikakukatiza."

"Ulinikatiza, ndiyo." Alitabasamu kidogo, halafu akaona uso wa Maduhu, akaacha.

"Kambale ulikuwa mwiko wake," Maduhu alisema. "Nilimlisha mimi."

Felisita alimtazama kwa muda kama mtu anayepima chumvi. Halafu alirudi nyuma ya meza, akachukua bakuli la udongo, akalitia maji ya moto, akayamwaga, ili lipate joto.

"Umekula leo, baba?"

"Sina njaa."

"Sikukuuliza njaa. Nimeuliza kula."

"Sijala."

"Basi utakula. Nina maneno ya mama hapa. Alikuja, unajua? Alileta kopo langu. Lakini siyatoi kwa mtu mwenye njaa."

Maduhu alinyanyua uso. "Alisema nini?"

"Nyama ipi?" Felisita aliuliza.

"Mayu, niambie."

"Nyama ipi, baba? Na usiseme vyote."

Maduhu alitazama vibakuli. Alitaka kujibu, akagundua hajui. Maisha yake yote aliletewa sahani. Nyanjige ndiye aliyejua anapenda nini. Felisita aliliona hilo. Alianza kumtajia kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa ndugu. Nyama ya ng'ombe? Ndiyo. Utumbo? Kidogo. Uyoga? Maduhu alionja kipande, akakitema kwa adabu kwenye kiganja. Hapana. Chainizi? Weka. Tangawizi? Weka. Siki? Hajui. Tone moja, akaonja. Ongeza. Pilipili? Kidogo tu. Karanga? Karanga weka, hizo anazijua.

Bakuli lilikuja linafuka moshi. Nyama nyembamba ilikuwa inaiva humo humo anapoitazama, ikibadilika rangi. Tambi zilikuwa zinateleza, zinakimbia kijiko, na Maduhu alielewa kwa nini Nyanjige alitumia mkono. Supu ilikuwa ya mifupa iliyochemka mpaka ikasalimu amri. Kijiko cha kwanza alikula kwa kulazimishwa. Cha pili alikula mwenyewe. Katikati ya bakuli alivua kofia, akaiweka mezani. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso. Miezi hii yote hakuwahi kumaliza sahani. Hili bakuli alilimaliza.

Felisita alikaa mbele yake.

"Kopo alilileta limejaa mchele," alisema. "Alisema kwao chombo cha watu hakirudi kitupu. Mchele ule, baba, haukuwa na jiwe hata moja. Nikamwuliza, wewe ndiye mke wa mzee wa weka vyote? Akacheka mpaka akakaa hapo ulipokaa. Akasema, 'Mume wangu aliniletea soko zima.' Akataka bakuli jingine, lakini achague mwenyewe. Kuku toa. Utumbo toa. Yai toa. Akabaki na chainizi, tangawizi na kambale."

Maduhu hakusogea.

"Nikamwambia, mama, huyu ni kambale, huwa nauliza. Akasema anajua. Akasema jana alimjua kwa harufu kabla hajafungua mfuniko. 'Ongeza,' akasema."

"Alimjua?"

"Baba yake ndiye aliyemfundisha kumla. Akiwa mtoto. Mto ukikauka walikwenda wawili tu kwenye madimbwi. Baba anamvua, yeye anamchoma. Wakirudi nyumbani, wananawa kwa majani ya mpera, na baba anakaa mbele ya ukoo anahubiri mwiko. Alinisimulia huku anakula, baba. Alikuwa anacheka machozi yanamtoka."

Maduhu alimkumbuka mkwewe siku ile ya mahari. Ile sauti nzito. *Asiguse hata chungu.* Kitu kilipanda kutoka tumboni, akadhani ni kilio. Kilipofika kinywani kilikuwa kicheko. Alicheka bila sauti, mabega yakimtikisika, mpaka wateja wale wawili wakageuka kutazama. Alipoacha, alishusha pumzi ndefu, na alihisi kama gunia la pamba limetolewa mgongoni na mtu mwingine. Presha. Ilikuwa presha tu, kama daktari alivyosema.

"Mayu," alisema, "huyo kambale yupo leo?"

"Yupo."

"Lete."

Felisita alileta vipande vitatu kwa upawa wake ule wa peke yake. Maduhu alikula polepole. Alikuwa bado ni kambale yule yule wa utotoni.

Jumamosi watu walikusanyika. Fundi alikuwa amechanganya saruji. Shida alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wengine, goti limenyooshwa. Maduhu alikwenda moja kwa moja kwake, akasimama.

"Shemeji. Samaki wa siku ile alikuwa kambale."

Shida aliinua uso, umekaza.

"Na Nyanjige alikuwa anakula kambale tangu mtoto," Maduhu alisema. "Mtoni. Na baba yenu. Wawili tu."

Hayo yalikuwa maneno mengi kwake. Akasubiri. Shida alimtazama, akatazama kaburi, akamtazama tena. Mdomo wake ulianza kucheza.

"Kumbe!" alisema. "Kumbe ndiyo sababu! Mimi nilikuwa natumwa kuni! Kila mto ukikauka, 'Shida, nenda ukatafute kuni.' Wao wanarudi wananuka mapera na jioni hawagusi ugali!" Alipiga goti lake zima. "Baba huyu! Na mimi nimeshika mwiko mpaka leo, na bado goti limekufa!"

Wanawake waliangua kicheko. Flora alijifunika uso kwa khanga, haikujulikana analia au anacheka. Shida mwenyewe alikuwa anafanya vyote viwili. Baadaye alimshika Maduhu mkono, akamvuta chini karibu na sikio lake.

"Nisamehe, shemeji. Sikusema neno, lakini nilikufikiria vibaya."

"Na mimi nilijifikiria."

"Na huyo kambale," Shida alinong'ona, "yukoje?"

"Nitakupeleka."

Maduhu aliweka tofali la kwanza. Hakuhitaji kushikwa mgongo. Aliliweka upande wa kichwa, akaligonga mara mbili kwa kiganja, likakaa. Fundi alitazama uzi wake, akasema limenyooka.

Mchana walikula wali. Flora alimpakulia baba yake, akaja kuchukua sahani, akaikuta imeisha.

"Umeshiba, baba?"

"Nimeshiba."

Ndipo alipomwambia Flora neno la mwisho, lile Felisita alilompa wakati anapanda baiskeli. Felisita alikuwa amemwuliza Nyanjige kwa nini hajamwambia mumewe, miaka yote hiyo. Nyanjige alikuwa anafunga kitenge vizuri ili aondoke. Alisema hivi:

"Nitamwambia mwenyewe, siku nikimpikia akashiba vizuri. Mwanaume mwenye njaa haambiwi kwamba aliacha samaki bure miaka arobaini na sita."